Mitego Iliyotazama Ndani

Mazraa, nje ya Riyadh
14 Novemba 2016

Binti yangu Rispah,

Pokea salamu za baba yako mdogo Alfayo, ambaye bado anapumua na meno yake yote yapo kinywani. Natumaini huko Jeddah u mzima, na yule bibi unayemtunza hajaanza tena kurusha vijiko. Nyanya yako Selipher anakusalimu sana. Nahashon alimpigia simu akiwa mjini, akaambiwa magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa. Mwanao Hillary amefunga shule na anachunga ng'ombe wa nyanya huku amenuna.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kama enzi za marehemu babu. Huku shambani mtandao haushiki hata ukipanda juu ya tangi la maji, na simu yako wewe wameifungia kabatini, sasa tufanyeje? Nahashon ndiye dereva wa lori la bosi. Hupeleka mbuzi na tende Jeddah, na amekubali kuwa posta yetu. Ni mtu wa kwetu Nyangusu. Hafungui barua za watu, ingawa kuuliza atauliza.

Sasa habari yenyewe. Huku kuna mbwa mwitu. Wanashuka kutoka bondeni, wanaua mbuzi na kuwaacha hapo hapo bila hata kuwala wote. Mchungaji Msudani ameshindwa, amepelekwa kwingine. Bosi akanunua mitego ya chuma yenye taya, ikakaa stoo kwa sababu hakuna aliyejua kuitega. Nikamwambia kwetu mimi na kaka yangu, marehemu baba yako, tulitega fisi na mbweha mpakani na Trans Mara tangu tukiwa na kaptula. Alicheka. Kisha hakucheka. Akasema, "Alfayo, ukinimalizia hawa kabla ya Ramadhani, nitamhamisha binti yako kutoka Jeddah aje kwangu."

Rispah, nyumba yake iko Al-Malqa, mjini Riyadh, villa kubwa, na kila Ijumaa familia yote huja kupumzika hapa shambani pamoja na msichana wa kazi. Sasa hivi ni Lydia, Mluhya mmoja mpole, lakini karibu anaondoka. Ukishika nafasi yake tutakuwa tunaonana kila wiki. Mimi nina miaka mitatu sijaona uso wa mtu wangu. Niombee nipate hawa wanyama.

Ni mimi baba yako mdogo,
Alfayo


Bani Malik, Jeddah
2 Desemba 2016

Baba mdogo mpendwa,

Nimepokea barua yako nikaisoma jikoni huku nimefungua bomba la maji ili nisisikike nikicheka. Wewe, mtegaji? Wewe uliyekimbizwa na jogoo wa harusi yangu mbele ya wakwe? Lakini nakuamini, kwa sababu baba alikuwa akisema mikono yako ina akili kuliko kichwa.

Mimi mzima. Bibi yangu ndiye si mzima. Amedhoofika, siku hizi hata vijiko harushi, namlisha kama mtoto na ananishika mkono hataki nitoke chumbani. Nampenda, nisiseme uongo. Kijana wake amesema mwezi wa tatu watampeleka Madina kwa dada yao, na hii flati wataifunga. Nikauliza, na mimi? Akasema halas, basi imekwisha, nitapewa tikiti ya kurudi Kenya.

Baba mdogo, sasa siwezi kurudi. Hillary anaingia Form Three. Nikirudi mikono mitupu anaacha shule, na wewe unajua baba yake yuko wapi, maana mimi sijui. Kwa hiyo uliposema Al-Malqa nilipiga magoti. Waue hao mbwa mwitu. Tega hata siku ya Sabato, Mungu ataelewa.

Neno moja tu. Huyo Lydia anaondoka kwa nini? Kama nyumba ni nzuri hivyo, nani anaiacha? Muulize kwa upole, kisha uniandikie alichosema. Nataka niingie nikijua.

Wako mtiifu,
Rispah


Mazraa, nje ya Riyadh
9 Januari 2017

Binti yangu Rispah,

Heri ya mwaka mpya. Huku baridi inauma mpaka maji ya mbuzi yanaganda asubuhi, na mimi navaa soksi mbili na koti la marehemu Msudani. Usiogope, hakufa, namwita marehemu kwa sababu aliniachia koti. Nyanya ametuma salamu kupitia Nahashon na kusema ununue dawa ya magoti ya Kiarabu. Hillary amefungua shule.

Nimekamata! Wa kwanza alikuwa dume, mwembamba, miguu mirefu, macho ya manjano. Nilichemsha mtego kwa magome ya mgunga hadi harufu ya mkono wa mtu ikatoka. Nikaufukia penye upenyo wa ua anakoingilia, nikauchungia mchanga kwa chekecheke la jikoni. Asubuhi alikuwa hapo, amekaa kimya. Bosi alikuja mwenyewe na bunduki. Hupenda kuwamaliza kwa mkono wake. Akaniambia, "Kazi nzuri, Alfayo," akampiga risasi, kisha akaamuru tumtundike kwenye nguzo kando ya barabara, kichwa chini. Ni desturi ya huku, wenye mifugo wakipita wanasimamisha magari na kupiga picha. Sasa wako watatu juu ya nguzo ile. Upepo ukivuma kutoka upande huo silali vizuri.

Kuhusu Lydia, nilimuuliza. Alinijibu. Lakini Rispah, wewe ni binti wa kaka yangu, na kwa Mkisii hiyo ni kusema wewe ni binti yangu. Kuna maneno ambayo kinywa cha baba hakiyatamki mbele ya binti. Ile chinsoni, heshima ya mzazi na mtoto, umelelewa nayo, unaijua. Basi tuseme tu kwamba hana furaha pale.

Kuna jambo jingine linanisumbua kidogo. Wiki iliyopita bosi ameniagiza nitege mitego sita ndani ya ua wa nyumba ya hapa shambani, kati ya mlango wa jikoni na seng'enge. Nikamwambia, "Bosi, mbwa mwitu anatoka nje, na huku ndani hakuna nyayo hata moja." Akasema, "Wewe tega." Nimetega. Labda anajua kitu nisichokijua. Kula vizuri na ujifunike.

Baba yako mdogo,
Alfayo


Bani Malik, Jeddah
30 Januari 2017

Baba mdogo,

Salamu nyingi. Bibi yangu hazungumzi tena, ananitazama tu. Dawa ya magoti nimempa Nahashon, mwambie asiipake yeye njiani.

Umeniandikia magome, mchanga na chekecheke la jikoni, mpaka nami naweza kutega. Lakini Lydia umempa mistari miwili. Kama ni mshahara haulipwi, andika ni mshahara. Kama ni kupigwa, andika ni kupigwa. Kule Dammam nilipoanzia kazi nilipigwa kwa pasi na sikufa. Naiheshimu chinsoni, baba mdogo, sijawahi hata kukaa kwenye kitanda chako. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na unisamehe kwa kukuandikia methali yenye neno hilo. Mimi niko mbali, macho yangu ni wewe.

Na hiyo mitego ya ndani imeninyima raha. Wewe ndiye mtegaji. Mtego uliotegwa kutazama mlango wa jikoni unamngoja nani? Jikoni anatoka nani?

Nakuuliza kwa sababu mambo yanakwenda haraka. Bosi wako amempigia kijana wa bibi na wameelewana. Karatasi za kuhamisha ikama, kibali changu cha kukaa huku, zimeanza. Kijana amefurahi kwa sababu hatanunua tikiti, na mimi, Mungu anisamehe, nimefurahi kwa sababu ya Hillary. Lakini ukiniambia kuna ubaya, na uutaje ni ubaya gani, naweza kumwomba anitafutie watu wengine hapa Jeddah kabla sijatia sahihi. Nijibu haraka.

Rispah


Mazraa, nje ya Riyadh
20 Februari 2017

Rispah,

Mimi mzima. Nyanya mzima. Hillary sina habari.

Usije.

Mwambie kijana wa bibi umeugua. Mwambie una mimba, mwambie una kifua kikuu, mwambie lolote litakalomfanya bosi akukatae. Nimekaa na kalamu hii tangu adhuhuri, nimechana karatasi tatu, na kila nikifika pale mkono unagoma. Ningekuwa babu yako ningekuambia yote, babu na mjukuu hawana mwiko. Nilimwomba Nahashon amwambie nyanya, ili nyanya akuambie wewe. Alimwambia kwa simu, na nyanya alilia. Lakini atakupataje, na simu yako iko kabatini?

Lydia hayupo. Bosi anasema amerudi kwao. Sanduku alilokuja nalo Ijumaa bado liko kwenye chumba cha jikoni, nimeliona, na viatu vyake viko pale pale mlango wa mbele.

Nilichoweza kufanya ni hiki. Bosi aliahidi kukuleta mbwa mwitu wakiisha, basi mimi nimeamua wasiishe. Mitego ya nje nimeifungia taya zake na kuifunika mchanga hivyo hivyo, ionekane imetegwa. Wameshaingia mara mbili, wameua mbuzi kumi na mmoja. Nasimama kati ya mizoga asubuhi nikimshukuru Mungu, mimi mchungaji. Bosi amekasirika, lakini bado analitaja jina lako. Naona sasa kwamba ahadi haikuwa ya mbuzi.

Asiyesikia la mkuu, unajua yanayomfika. Nisikie tu mara hii bila kuniuliza. Usije.

Alfayo


Bani Malik, Jeddah
17 Machi 2017

Baba mdogo,

Barua yako ya Februari imenifikia leo. Lori la Nahashon lilikufa injini njiani likakaa gereji wiki tatu, na barua ikakaa ndani ya kiti. Nilitia sahihi tarehe tano. Nafika Riyadh wiki ijayo, kijana wa bibi ananisindikiza kwa ndege.

Hata ingefika mapema ningefanya nini nayo? Usije, usiniulize. Mtu mzima anamwandikia mtu mzima mwenzake hivyo? Niliisoma mara nyingi nikitafuta sababu ndani yake, nikapata mbuzi. Nimefikiri, pengine ni aibu ya mimi na wewe kuwa chini ya bosi mmoja, mimi nione nguo zako kwenye kamba na wewe usikie nikigombezwa. Pengine una mwanamke hapo shambani na hutaki nyanya ajue. Kama ni hayo, nitageuza uso, sitaona kitu. Lakini usininyime kazi kwa sababu ya haya zako.

Bibi yangu amepelekwa Madina jana. Alilia. Flati ni tupu, nalala juu ya zulia na mlango umefungwa kwa nje mpaka safari. Nimechoka kuogopa vitu visivyo na jina.

Nitasema neno baya sasa, na ukitaka unikemee tukionana. Baba angekuwa hai, angeniambia.

Rispah


Mazraa, nje ya Riyadh
Jumatano, 5 Aprili 2017

Rispah, binti yangu,

Nahashon anapeleka maziwa na nyama Al-Malqa kesho asubuhi. Atakupa hii ndani ya kitambaa cha jibini. Isome chooni kisha uimwage na maji.

Ijumaa iliyopita nilikuona ukipita na sinia la kahawa. Hukunitazama, na una haki. Umekonda. Bosi alikutazama mpaka ulipoingia ndani, kisha akanigeukia akaniambia nikaikague mitego ya jikoni. Ndipo nilipojua kwamba sina tena ruhusa ya kunyamaza.

Uliandika kwamba baba yako angekuambia. Ni kweli. Basi nasema, na wazee wanisamehe. Bosi huwaingilia kwa nguvu wasichana wa kazi. Umeshaona mlango wa chumba chako hauna komeo upande wa ndani. Alilitoa yeye. Madam, mkewe, anajua, ndiyo maana hawatazami wasichana usoni. Lydia aliniambia yote Desemba, akiwa amesimama penye tangi la maji akijifanya anaosha ndoo. Sikukuandikia, kwa sababu mimi ni baba na wewe ni binti. Nilifikiri kuna njia ya kukuzuia bila kukutajia. Haikuwepo.

Mwezi wa pili, siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, Lydia alikimbia kupitia mlango wa jikoni. Peku, kwa sababu viatu vya wasichana huwekwa kwenye mlango wa mbele. Niliusikia ukelele wake kutoka zizini nikadhani ni mnyama. Mtego ulikuwa wangu. Nilizifungua taya kwa mikono hii, na mfupa nikauona. Bosi akarudi akatukuta. Alisimama, akatazama mguu, akasema, "Kazi nzuri, Alfayo." Yeye na wanawe wakampakia kwenye gari. Alisema hospitali. Mimi sijui kama yu hai. Nahashon ameuliza kila mahali ambapo mtu kama yeye anaweza kuuliza, mafi, hakuna kitu.

Sasa sikiliza, hii ndiyo kazi. Ijumaa hii wataswali mjini wanawe, lakini bosi mwenyewe tangu siku ile haendi, anakaa getini na bunduki. Nimekamata mbwa mwitu jike ng'ambo ya bonde, yu hai, nampa maji. Bosi hajui. Adhana ya Ijumaa ikianza nitakwenda kumwambia, na hataacha kuja kummaliza mwenyewe. Ukiona tumeteremka bondeni, toka. Nyuma ya zizi la mbuzi nimekata seng'enge na kuirudishia kwa uzi, sukuma tu itaachia. Lori la Nahashon litakuwa barabarani upande wa nguzo, bonneti limeinuliwa kana kwamba limeharibika. Atakupeleka Olaya kwa Emmah, dada wa Sabato anayefagia ofisi huko, na Jumapili mtakwenda ubalozini. Usirudi ndani kuchukua kitu. Usichukue hata picha ya Hillary.

Mitego yangu sita nimeitilia vijiti chini ya kisahani kinachokanyagwa, haifungi. Lakini kuna wa saba. Bosi alinichukulia mmoja stoo na kuutega mwenyewe, hataki kuniambia ni wapi, na nimetafuta kwa siku nne sijauona. Kwa hiyo usikimbie. Mnyama hukwepa jiwe na kuweka mguu penye mchanga laini, na mtegaji hufukia chuma hapo hapo palipo laini. Wewe kanyaga mawe tu. Yataumiza nyayo, kanyaga hayo hayo. Pasipo na jiwe, kanyaga mavi ya mbuzi yaliyokauka na kutapakaa, hapo hajachimba.

Usiniulize mimi nitafanya nini. Nimeshafika umri wa kurudi nyumbani au kutorudi.

Kuna jambo moja tu linanitia hofu kukuhusu. Umelelewa vizuri. Tangu ukiwa mdogo ukiitwa na mtu mzima unaitika na kurudi, hata ukiwa umebeba maji. Bosi akigeuka akaona mlango u wazi, ataniamuru nikuite, na bunduki iko mkononi mwake. Nitakuita. Nitakuita kwa sauti kubwa kwa jina lako, kwa Kikisii, na nitasema njoo, ni salama. Utasikia ni sauti yangu na utajua nalia.

Usiitike. Endelea kukanyaga mawe mpaka barabarani.

Baba yako,
Alfayo